Meka yako na meka yangu: namna ya kupima mitandao ya mji huu

Hotuba hii niliitoa hapa Lubumbashi mbele ya mafundi wa mitandao, wanafunzi, na wateja wachache waliokuja na hasira zao. Walioshindwa kufika wameniomba niiweke yote, basi ndiyo hii. Michoro iliyokuwa ukutani nimeiacha.

Jambo zenu, wazee wangu, mama zangu, na ninyi wadogo zangu wa Unilu, chuo kikuu chetu, mliosongamana kule mlangoni. Nawaona. Viti viko huku mbele, haviumi.

Naanza na swali. Nani hapa amemaliza wiki nzima bila kusema "rezo haiko", yaani mtandao haupo? Anyooshe mkono. Hakuna. Hata mimi ninayelipwa ili rezo iwepo, jana jioni nimelisema mara mbili.

Haya, tulitazame neno hilo. Mama aliyetuma pesa kwa simu anasema rezo haiko kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha haujaingia. Mwanafunzi anasema rezo haiko kwa sababu video inazunguka tu. Dereva wa lori, njiani kwenda mpakani Kasumbalesa, anasema rezo haiko kwa sababu simu yake haioni antena yoyote. Na kitinda mimba wangu anasema rezo haiko, kumbe mega zake za intaneti zimeisha. Watu wanne, neno moja, mambo manne. Fundi anapokea malalamiko, anaandika daftarini "rezo haiko", anatazama mitambo yake, taa zote za kijani, anajibu: "Kwetu iko."

Nani mwongo hapo? Hakuna. Kila mtu kapima kwa meka yake.

Meka mnaijua, lile kopo la kupimia unga sokoni, tumekulia humo. Marehemu mama yangu alikuwa hanunui unga kabla hajapitisha mkono ndani ya meka ya muuzaji. Si kwa ajili ya uchafu. Alikuwa anatafuta kama kitako kimegongwa nyundo kikaingia ndani. Kwa nje meka ni ileile, bei ni ileile, jina ni lilelile, lakini ukifika nyumbani bukari, ugali wetu, haiwatoshi watoto. Akikuta kitako kimebonyea hakugombana. Alikuwa anatoa meka yake kwenye kikapu na kusema, "Basi mama, tupime na hii." Muuzaji naye anakataa, maana ya mama yangu anaijuaje? Na alikuwa na haki ya kukataa! Wanasimama pale, meka mbili, unga mmoja, hakuna anayepika.

Ndivyo tulivyo sisi wenye mitandao. Kampuni ina meka yake, mteja ana ya kwake, mdhibiti akija anakuja na ya tatu. Ninachotaka kusema leo ni hiki tu: kabla hatujatafuta mwenye kosa, tukubaliane tunahesabu nini, kutoka wapi mpaka wapi, kwa saa ipi, na nani anaruhusiwa kusoma. Mengine yote ni kelele.

Msidhani shida hii imeanza na simu za mkononi. Mwaka 1852 Ufaransa na dola ya Kijerumani ya Baden zilikubaliana kuwa na kituo cha pamoja cha telegrafu pale Strasbourg. Unajua kazi ilifanyika vipi? Karani Mfaransa anapokea telegramu kutoka Paris, anaiandika kwa mkono kwenye fomu, anaipitisha juu ya meza kwa karani wa Baden. Huyo anaitafsiri kwa Kijerumani, anaituma upya upande wake. Ujumbe uliokuja kwa kasi ya umeme unavuka mpaka kwa kasi ya mkono wa karani. Waliowahi kulala na mzigo Kasumbalesa wanacheka, nawasikia.

Watu walichoka. Tarehe 17 Mei 1865, mataifa 20 yalitia sahihi mjini Paris mkataba wa kwanza wa kimataifa wa telegrafu: alfabeti moja, ya Morse, na kanuni moja ya kupokea na kutoza. Umoja uliozaliwa siku ile ndio ITU ya leo, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na ndiyo sababu kila tarehe 17 Mei tunaadhimisha siku ya mawasiliano duniani. Tazameni waliloafikiana. Hawakuafikiana waya ziwe za nani. Kila nchi ilibaki na waya zake, na wafanyakazi wake, na fahari yake. Waliafikiana namna ya kuandika na namna ya kuhesabu.

Au tuje hapahapa nyumbani. Reli ilipofika mji huu mwaka 1910 ikitokea kusini, ilikuja na upana wa milimita 1,067. Upana huohuo uko Zambia, uko Zimbabwe, unakwenda mpaka Cape Town. Behewa haliulizi sasa liko nchi gani. Lakini nenda Tanzania. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina milimita 1,067, na Reli ya Kati ya zamani ina 1,000. Tofauti ni milimita 67, haifiki vidole vyangu vinne. Reli hizo zinapokutana Kidatu, mzigo unashushwa kwenye behewa moja na kupakiwa kwenye lingine. Vidole vinne, ndugu zangu! Kwa ajili ya vidole vinne unashusha treni zima.

Na hapa naomba ruhusa ya kuchepuka kidogo, kwa kuwa jambo hili linanichekesha kila mwaka. Agosti 1988 wahandisi wanne walitoa waraka wa lugha ya kuulizia mitambo ya mtandao, kama ruta, ule mtambo unaoelekeza data njiani: ruta, una hali gani? Mlango wako wa tatu umepitisha kiasi gani? Lugha hiyo ndiyo SNMP, na mafundi mliomo humu mnaitumia kila siku hata kama hamjui ilitoka wapi. Waraka huo ulipewa namba gani katika orodha ya nyaraka za intaneti? 1067. Namba ya reli yetu. Sidai kuna muujiza. Nacheka tu.

Kilicho muhimu zaidi ni kwamba SNMP iliwekwa iwe ya muda. Wakubwa walikuwa wanasubiri lugha nyingine, CMIP, iliyokamilika, yenye kila kitu, iliyopangwa na kamati kubwa. Ile rahisi ishike nafasi kidogo tu mpaka kubwa iwe tayari. Mnajua vitu vya muda vilivyo kwetu. Kibanda cha muda, daraja la muda. Kubwa ilikuwa nzito mno, mitambo ya wakati ule ilishindwa kuibeba, na ile ya muda iko mpaka leo. Mwaka 1992 David Clark, mmoja wa wazee wa intaneti, alisema kwenye mkutano wao kwamba wanawakataa wafalme, marais na kura. Wanaamini maafikiano ya jumla na programu inayofanya kazi. Wazee wangu mnaopenda kamati, naliweka neno hilo mezani na kupita.

Sasa nifike kwenye aibu yangu mwenyewe. Nimeahidi kuisimulia na mke wangu yuko hapa, atanishitaki nikiikwepa.

Miaka ya nyuma nilikuwa fundi katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na kiungo kati ya sehemu mbili za mji. Mlango wa mtambo ulikuwa wa gigabiti moja kwa sekunde, lakini uwezo tuliokodi ulikuwa megabiti 300. Wateja wa upande wa pili walilalamika kila mchana. Asubuhi hakuna neno. Mchana, rezo haiko.

Mmoja wao alikuwa mzee, wakala wa forodha, ofisi yake chumba kimoja na mashine ya fotokopi. Alikuja kwetu na daftari la shule. Kila ukurasa tarehe, kila mstari saa: kuanzia dakika hii mpaka dakika hii, tangazo la mzigo limegoma kwenda. Wino wa bluu, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista. Aliliweka mezani na kusema, "Mwanangu, mimi si fundi, ila najua kuandika saa."

Shefu wangu akafungua grafu. Mstari unapanda asubuhi, unafika kama megabiti 114, halafu karibu na adhuhuri unaanguka. Shefu akacheka: "Unaona, papa? Watu wamekwenda kula bukari, kiungo kiko kitupu." Mstari ukapanda tena, ukaanguka tena, halafu mchana kutwa ukalala kwenye megabiti 71. Sabini na moja kati ya 300! Njia iko wazi kabisa. "Papa," shefu akamwambia, "kompyuta yako imezeeka." Mzee akachukua daftari lake akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nikanyamaza.

Usingizi haukuja. Kesho yake mchana niliingia chumba cha mitambo, baridi imejaa, nikasimama mbele ya skrini na saa yangu ya mkononi, nikawa nasoma kaunta kwa macho kila sekunde kumi na kuandika. Kaunta ni nini? Ni hesabu ya baiti zilizopita mlangoni tangu mtambo uwashwe. Haipungui, inaongezeka tu, kama kipima kilomita cha taksi. Nikaandika 4,287,410,902. Baada ya sekunde kumi nikaandika 367,449,606.

Imerudi nyuma! Nikadhani nimekosea kusoma. Nikangoja. Haikufika dakika mbili, ikarudi nyuma tena.

Wadogo zangu wa Unilu, mmeshaelewa? Kaunta ile ilikuwa ya biti 32. Mwisho wake ni 4,294,967,295. Ikifika hapo inaanza sifuri, kama taksi iliyomaliza tarakimu zake. Programu yetu ya grafu ilikuwa inasoma mara moja kila dakika tano. Kaunta ikizunguka mara moja katikati, programu inaelewa. Ikizunguka mara mbili, itajuaje? Kiungo kilikuwa kimejaa pomoni, megabiti 300. Kwa dakika tano zimepita baiti bilioni 11.25. Toa mizunguko miwili kamili, zinabaki kama bilioni 2.66. Zigawe kwa dakika tano: megabiti 71. Grafu haikudanganya. Iliripoti kwa uaminifu kile kilichobaki baada ya meka kumwagika mara mbili.

Na ile 114 ya asubuhi? Ndiyo kasi ya juu kabisa ambayo kaunta ya biti 32 inaweza kuibeba ukiisoma kila dakika tano. Ikipita hapo, mstari unaporomoka. Hakuna aliyekwenda kula bukari.

Kinachouma ni kwamba waliotunga kiwango walikuwa wameshaliona. Tangu miaka ya 1990 kuna kaunta za biti 64, na nyaraka zinasema wazi: kaunta ya biti 32 ikijazwa kwa megabiti 10 inazunguka kwa dakika 57, kwa megabiti 100 kwa dakika 5.7, kwa gigabiti moja kwa sekunde 34. Mtambo wetu ulikuwa na zote mbili. Aliyeweka programu alichagua ile ya zamani, hakuna aliyemuuliza, nami nilikuwa mmoja wa wasiouliza. Kubadilisha kulinichukua dakika ishirini.

Nilimtafuta yule mzee. Nilimkuta amehamia kampuni nyingine. Daftari bado lilikuwa juu ya meza yake, anawaandikia wao sasa.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Sisi tunafuata viwango vya kimataifa," namuuliza: kaunta gani, unaisoma kila baada ya muda gani? Kiwango kinakupa chombo. Hakikuambii ukisome lini wala kitako chake kikoje.

Nikija kwenye kuchelewa, nitakuwa mfupi. Wengi wetu tukitaka kujua kama njia iko hai tunapiga ping, programu aliyoiandika Mike Muuss Desemba 1983. Ping inapima kwenda na kurudi. Lakini ITU inapozungumzia sauti kwenye simu, inasema kuchelewa kwa upande mmoja kusizidi milisekunde 150 ili watu wasikanyagane maneno. Upande mmoja! Mimi napima kwenda na kurudi, wewe unapima kwenda tu, tunakaa kikaoni tunabishana namba mbili zilizo sahihi. Tangu 1998 wahandisi wa intaneti wana mfumo mzima wa kueleza vipimo hivi: kuchelewa kwa njia moja, kwa njia mbili, pakiti zilizopotea, yaani vifurushi vidogo vya data visivyofika. Haufichwi, haulipiwi. Tatizo ni kwamba kupima njia moja kunataka saa za pande zote mbili ziwe sawa kabisa.

Na saa zetu je? Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, nchi moja, saa mbili. Nilishuhudia ugomvi wa siku tatu, wa barua kwa barua, juu ya kukatika kwa njia. Kinshasa wanasema ilikatika 14:10. Huku wanasema 15:10. Kila upande unamshutumu mwenzake kwa kuficha hitilafu ya pili. Ilikuwa moja! Hitilafu moja, iliyoandikwa na saa mbili za ukutani. Tangu siku ile kila mtambo ninaougusa unaandika kumbukumbu zake kwa saa ya dunia, UTC, na atakayeibadilisha tutaonana.

Nimesema vipimo, kuna na usukani, yaani nani anaamrisha mtambo. Hapa ndipo wakubwa wa kampuni wanapoogopa, na si bure. "Ukitaka tupime kwa pamoja, unataka uingie kwenye mitambo yangu?" Hapana, bwana. Kusoma si kuandika.

Siku moja nilikosea tarakimu moja ya anwani, nikaulizia ruta ambayo si yetu. Ikanijibu! Ikanieleza milango yake yote na hali yake. Neno la siri lilikuwa lilelile lililotoka nalo kiwandani, na katika matoleo ya mwanzo ya SNMP neno hilo linasafiri waziwazi, anayepita njiani analisoma. Hilo lilikuwa la kusoma. Jirani yake, neno la kuandika, nina hakika nalo lilikuwa la kiwandani, na kwa hilo ningeweza kumzimia mlango nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Sikujaribu. Nilimpigia simu mwenye ruta, akacheka. Nikamsomea namba za milango yake, akaacha kucheka. Toleo la tatu, lenye kuthibitisha mtu na kuficha mazungumzo, ni kiwango kamili tangu 2002. Wangapi humu wamelifungulia? Msinyooshe mikono, nawahurumia.

Basi tugawane kusoma, na hata kusoma iwe vitu vichache tu tulivyokubaliana. Usukani wa kila mtambo ubaki mkononi mwa mwenyewe, kama waya za 1865.

Mtasema, "Lakini kuna sheria." Ipo, namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na kuna mdhibiti wa mawasiliano. Mimi siwi mpinzani wa sheria. Ila sheria ikisema huduma iwe bora, mkataba ukaandika upatikanaji wa asilimia 99.9, nani kati yenu amewahi kuikokotoa? Kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 43 za kukatika. Ikiwa 99 tupu, ni saa 7 na dakika 12. Na dakika hizo zinahesabiwaje? Umeme ukikatika kwenye mnara, zimo? Fundi akizima makusudi usiku kwa matengenezo, zimo? Njia ikiwa hai lakini inapoteza pakiti moja kati ya kumi, hiyo ni hai? Mikataba niliyoisoma inanyamaza hapo, na mawakili wanakula kwenye ukimya huo.

Sitaki tuunde umoja, wala rais, wala katibu, wala muhuri. Tumezika vyama vingi vya muhuri mji huu. Nataka karatasi moja. Kila kampuni iweke kijitambo kidogo kimoja nje ya mitambo yake, na kingine kiwe pale LUBIX ambapo mitandao ya mji inabadilishana data. Vipimane kila dakika, saa za UTC, kaunta za biti 64, matokeo yawekwe mahali ambapo mteja mwenye daftari la wino wa bluu anaweza kuyaona kama shefu anavyoyaona. Tuanze na vipimo vitatu: kuchelewa, kupotea kwa pakiti, na dakika zilizokatika. Cha nne tutakigombania baadaye, hivi vitatu vikishafanya kazi.

Karatasi yenyewe iko kwenye meza ya mlangoni, karibu na soda. Ina mistari sita. Kalamu tatu, moja haiandiki vizuri. Ukiona mstari haufai, ukate, andika wako pembeni na namba yako ya simu, nitakupigia kabla ya Ijumaa. Wale wa kampuni ambao hamna ruhusa ya kutia sahihi, andikeni tu jina la anayeweza kunikataza.

Aksanti sana. Soda ni za bure, lakini moja moja.